Batiki imegoma, darizi imekunjamana: tutafute kosa liko wapi

Kila wiki napata voisi za kina mama na kina dada wanaoanza kazi hii, mmoja yuko Igoma, mwingine Buswelu, yupo mmoja Ukerewe ananitumia picha za vitambaa alivyovianika juu ya majabali, na karibu zote zinaanza hivihivi, "dada, rangi niliyouziwa ni feki." Pole kwanza. Najua uchungu wa kuharibu mita sita za kitambaa ulizonunua kwa hela ya mkopo wa kikundi. Ila ntasema ninachokiamini baada ya miaka mingi ya batiki na mashuka ya kudarizi hapa Mwanza: rangi ndo inalaumiwa ya kwanza, wakati mara nyingi kosa lilishafanyika kabla hata hujawasha jiko. Liko kwenye kitambaa, au kwenye haidro (ile dawa ya unga inayopikwa pamoja na rangi), au kwenye haraka. Kwaiyo kabla hujaenda kugombana na muuza rangi pita huku kwanza.

Batiki ninayoongelea ni ile ya rangi ya unga inayopikwa na haidro na kostiki (kostiki soda, ile dawa kali inayounguza), maana ndo wengi tunatumia. Na tafadhali, ukianza kutafuta tatizo kata kipande kidogo kama kiganja cha mkono ujaribie hapo, na kila ukijaribu badilisha kitu kimoja tu. Ukiongeza haidro, ukabadilisha kitambaa na ukaongeza mda kwa mkupuo, hata ikikubali hutajua ni nini kilichokusaidia.

Rangi haijashika, kitambaa kimetoka kimepauka

Hili ndo namba moja, wala halina mshindani.

Anza na tone la maji. Dondoshea kitambaa kikavu tone moja utazame. Likizama saa hiyohiyo, sawa. Likikaa juu kama shanga au likachelewa chelewa, basi kina wanga na mafuta ya kiwandani na rangi haina pa kupita. Chemsha na sabuni ya unga na magadi kidogo nusu saa, suuza mpaka maji yatoke masafi, hata kama aliyekuuzia amekuapia kwamba kimeshafuliwa. Usiweke dawa ya kulainisha nguo kwenye maji ya kusuuza, ile nayo inaacha utando.

Tone likizama vizuri na bado rangi haishiki, chomoa nyuzi mbili tatu za ukingoni uzichome na kiberiti, ushike kwa koleo sio kwa vidole. Pamba inaungua kama karatasi, harufu ya karatasi, na jivu lake ukilisugua linakuwa vumbi. Poliesta inayeyuka, inajikunja, ikipoa inabaki kidonge kigumu cheusi. Ukiona vyote viwili, yani jivu na vidonge, huo ni mchanganyiko, na batiki yako itatoka nusu rangi hata upike mara tano. Hii inaniuma sana maana tunaishi katikati ya pamba, Kanda ya Ziwa ndo inalima pamba nyingi ya nchi hii, msimu ukifika tunapishana na malori ya pamba barabarani, alafu dukani unauziwa poliesta imeandikwa pamba asilimia 100. Siku hizi natembea na kiberiti kwenye pochi, namwomba muuzaji uzi mmoja tu, naenda kuuchomea nje mbali na vitambaa vyake. Akikataa nami naondoka.

Kitambaa kikiwa kizima, sasa ndo tuingie kwenye haidro. Rangi hizi za unga zenyewe haziyeyuki kwenye maji. Kostiki na haidro kwa pamoja ndo zinaibadilisha rangi ikayeyuka na kuingia ndani ya nyuzi za pamba, ukikitoa kitambaa hewa inairudisha ilivyokuwa na inanasa humohumo. Ndo maana ndoo yenye rangi ya bluu unakuta maji yake ni ya kijani au njano na wageni wanashtuka wanadhani umekosea. Haidro ikiwa imechoka hicho kitu hakitokei, rangi inakaa juujuu ya kitambaa na kwenye suuza inaondoka yote. Haidro nzima ni kavu, inamwagika kama chumvi nzuri, na ina harufu kali. Ikiwa na mabonge, ikiwa imenata kwenye mfuko, usiitegemee tena. Huku kwetu karibu na ziwa unyevu ni mwingi, haidro ya kufungwa fundo kwenye mfuko wa plastiki haimalizi mwezi. Weka kwenye chombo kikavu chenye kifuniko cha kukaza, nunua ya kukutosha kazi mbili tatu.

Kipimo ni hiki: chovya utepe wa kitambaa cheupe kwenye maji ya rangi dakika mbili, utoe. Ukibadilika rangi mbele ya macho yako ukiwa hewani, maji yako ni mazima. Ukitoka na rangi ileile ya unga, na ukitazama maji unaona chenga zinaelea, ongeza haidro nusu kijiko, koroga polepole bila kupiga mapovu (mapovu yanaingiza hewa na hewa ndo adui hapo), funika dakika kumi, jaribu tena. Mimi nikiweka rangi kijiko kimoja haidro haipungui viwili, ila rangi zinatofautiana, zile nyeusi na bluu nzito zinakula zaidi, muulize aliyekupimia.

Sababu ya mwisho ni haraka. Dakika tano hazitoshi. Nusu saa ndani ya maji, kitambaa kimezama chote, alafu nusu saa nyingine hewani kivulini kabla ya kusuuza. Nakutana na watu wanaokitoa na kukitia moja kwa moja kwenye beseni la maji, wanasuuza rangi ambayo bado haijanasa.

Mabaka, michirizi na vidoadoa

Mabaka makubwa: kitambaa kiliingia kikavu. Kiloweshe maji ya kawaida kwanza, kikamue, kikunjue ndo ukiingize. Kama ulikilowesha na bado, tazama ukubwa wa ndoo. Mita sita kwenye ndoo ya lita 10 vinasongamana, sehemu iliyokunjwa haipati rangi, na ile inayoelea juu inapigwa na hewa kabla ya wakati. Tumia beseni pana, geuzageuza kila baada ya dakika chache na fimbo, ukisukumia chini.

Vidoadoa vya rangi kali vinatokana na unga ambao haukulainika. Lainisha rangi na maji ya moto kidogo iwe kama uji mzito kabla ya kitu kingine, na chuja kwa kitambaa chepesi.

Na kuna mabaka ya huku kwetu tu. Jioni wale wadudu wadogo wa ziwani wanapokuja kama moshi, wananasa kwenye kitambaa kibichi na kwenye nta (ile tunayochorea ili rangi isiingie), ukiwafuta wanaacha alama. Wanafuata taa. Usianike usiku chini ya taa ya nje, na kama uko Kirumba au Igombe karibu kabisa na maji, maliza kazi ya kuanika kabla ya jua kuzama. Jua kali nalo la moja kwa moja linakausha upande mmoja haraka kuliko mwingine na unapata michirizi, kivuli chenye upepo ndo kizuri.

Inachuja kila ikifuliwa

Lowesha kitambaa cheupe, sugua batiki kwa nguvu mara kumi. Rangi ikihamia kidogo na batiki bado ni mpya, hiyo ni ya juujuu tu, hukusuuza vya kutosha. Suuza maji baridi mpaka yatoke masafi, alafu fua kwa maji ya moto na sabuni, suuza tena. Watu wengi wanaishia kwenye baridi. Kama ina nta, hii inafanyika wakati wa kutoa nta.

Ikiendelea kuchuja baada ya mafuo matatu manne ya hivyo, rudi kwenye haidro na ile nusu saa ya hewani, kosa liko huko, kitambaa kipikwe upya.

Cha tatu, huenda rangi yenyewe ni aina nyingine kabisa, vile vipakiti vidogo vinavyochemshwa na chumvi. Hizo kwenye pamba zinachuja, ndo asili yake, na hapo sasa nakubali ni rangi ila sio feki, ni kwamba umenunua isiyo ya kazi yako. Zifulie peke yake kwa maji baridi na usimuuzie mteja bila kumwambia.

Siki jamani. Kila mtu ameambiwa na mama yake aloweke kwenye siki ili rangi ishike. Siki inasaidia rangi za sufu na hariri, kwenye pamba iliyopikwa kwa kostiki haishikishi chochote. Na hatari yake ni kubwa: ukiimimina kwenye ndoo yenye haidro inatoka hewa kali inayokaba kifua. Usifanye kabisa. Vilevile usichanganye jiki na siki, wala jiki na mabaki ya haidro.

Mimi mwenyewe niliwahi kumpa mteja sare ya send-off, batiki ya maruni yenye shingo nyeupe iliyodariziwa, nilikuwa nakimbizana na tarehe nikasuuza baridi tu. Ikanyeshewa na mvua siku yenyewe. Shingo zote zikawa za pinki. Nilirudisha hela yote na toka siku hiyo hakuna kitambaa kinachotoka kwangu bila kusuguliwa na kitambaa cheupe kibichi.

Rangi imepenya chini ya nta

Geuza kitambaa utazame nyuma kabla ya kukitia rangi. Nta iliyoingia vizuri inakifanya kitambaa kionekane kama karatasi iliyoshika mafuta, pande zote mbili. Ukiona nta nyeupe nyeupe imekaa juu, ilikuwa ya baridi, na rangi itapita chini yake. Ipashe, rudia upande wa pili. Ukipaka nta kwa sponji za godoro usichovye na kuanza kusogoa na mtu, inapoa njiani.

Sababu ya pili ni maji ya rangi ya moto. Parafini, yani nta ya mishumaa, inaanza kulainika kwenye nyuzi joto 50 na kitu, kwaiyo pika rangi kwa maji ya moto kidogo kwenye chombo kidogo alafu imimine kwenye beseni la maji ya kawaida. Ukitia mkono wenye glavu na ukasikia joto kali, subiri.

Nyufa nyingi kupita ulivyotaka ni kwa sababu ya mishumaa mitupu. Parafini ni kavu, inapasuka. Changanya na nta ya nyuki, inalainika. Anayetaka zile nyufa nyingi kama utando wa buibui aache parafini peke yake, ni pambo zuri tu ukiwa umelikusudia.

Nta isipotoka, maji hayajachemka au umejaza sufuria. Chemsha na sabuni, koroga, engua nta inayoelea na uitunze. Ikibaki mafuta mafuta piga pasi katikati ya magazeti ya zamani. Usimwage maji yale kwenye sinki, nta inaganda ndani ya bomba na hapo utamwita fundi bomba.

Kitambaa kinachanika chenyewe baada ya mda

Hapa ni jiki karibu kila mara, mtu anataka kuweka weupe kwenye michoro anaimwaga kali na kuiacha usiku kucha. Inakula pamba. Kama tayari kinachanika ukikivuta kidogo, hakuna dawa, usikipotezee uzi wa kudarizi. Sababu ya nadra ni kostiki iliyokaukia ndani kwa kusuuza vibaya: kitambaa kikilowa kinateleza kama sabuni na mikono inawasha. Suuza tena na tena mpaka utelezi uishe.

Hapa simama, usiendelee mwenyewe

Kostiki inaingia kwenye maji, sio maji kwenye kostiki, kidogo kidogo, maana inachemka yenyewe na kuruka. Usitumie sufuria ya alminiamu, kostiki inaila na inatoa hewa inayoweza kushika moto, na kwa kuwa masufuria mengi ya nyumbani ni hayo, nunua ndoo ya plastiki ngumu au chombo cha stenlesi kisichorudi jikoni tena. Glavu ndefu, miwani, sehemu ya wazi, watoto mbali.

Kostiki ikikurukia jichoni suuza na maji mengi masafi yanayotiririka dakika 20 bila kuacha, usiweke siki wala maziwa wala dawa ya dukani, alafu hospitali hapohapo, Bugando au Sekou Toure au iliyo karibu yako. Mtoto akiinywa usimtapishe, mkimbize. Ukianza kubanwa kifua kwenye moshi wa ndoo toka nje, na kama hakiachii nenda ukaonwe.

Nta ya jiko la mkaa ipashe kwa kuweka kopo ndani ya sufuria yenye maji. Ikianza kufuka moshi imezidi. Ikishika moto usimwagie maji hata tone, funika na mfuniko, ukiweza uzime jiko, ukishindwa toka upige 114 zimamoto. Na haidro iliyoingiwa na maji: mwenzangu mmoja paa lilimvujia wakati wa masika, ndoo ya haidro ikaanza kupata joto yenyewe na kufuka moshi stoo. Hiyo haiguswi. Unatoka, unawatoa watu, unaita zimamoto.

Maji yaliyobaki usiyamwage ziwani wala kwenye mtaro unaoelekea huko. Samaki tunaokula wanatoka humo na maji ya kunywa pia.

Darizi imekunjamana

Kwenye kudarizi kwa mkono sababu ya kwanza ni kuvuta uzi. Hasa mshono wa mnyororo, mtu anakaza kila kitanzi kama anafunga mzigo. Kitanzi kilale tu. Sababu ya pili ni fremu iliyolegea, kitambaa kinatakiwa ukikigonga kidole kitoe sauti kama ngoma. Ya tatu ndo ile inayojitokeza baada ya kufua: kitambaa hakikufuliwa kabla, pamba ikarudi na uzi wa poliesta haukurudi. Hiyo haitengenezeki, fumua au ikubali. Kwa cherehani ongeza gamu ya kupiga pasi (kile kitambaa kigumu cha kubandika) nyuma ya kitambaa chepesi, na punguza kujaza sana sehemu moja.

Uzi kujikusanya chini kama kiota: kila mtu anakimbilia bobini, kile kigurudumu cha uzi wa chini. Asilimia kubwa ya ninazoletewa bobini haina kosa, ni uzi wa juu haujaingia kwenye tensheni, pale panapokaza uzi. Inua mguu wa cherehani, toa uzi wote, upitishe upya toka mwanzo. Ukishindikana ndo ufungue kasha la bobini usafishe vumbi la nyuzi na brashi.

Uzi unakatika: badilisha sindano kwanza, ni kitu cha bei ndogo, namba 11 kwa kitambaa chepesi na 14 kwa batiki ya kawaida. Uzi wa dhahabu unataka sindano ya tundu kubwa na mwendo wa taratibu. Alafu vuta uzi wenyewe kwa mikono, ukikatika kirahisi ni mzee, umekaa dirishani juani. Ukishafanya hayo yote na mashine bado inaruka mishono au inagonga sindano, usianze kufungua skrubu za chini, hapo mwendo wa ndoano na sindano umepishana, mpelekee fundi cherehani. Na mashine ya umeme ikikupiga shoti hata kidogo, chomoa, isitumike mpaka fundi aione.

Uzi mwekundu ukichujia shuka jeupe, usilikaushe na usilipige pasi. Likiwa bado bichi loweka maji baridi na sabuni, badilisha maji kila yakipata rangi, hata siku nzima. Kabla ya kazi mpya zungushia uzi kwenye kitambaa cheupe kibichi upige pasi ya moto, utajua saa hiyohiyo.

Shanga na stoni zinadondoka

Shanga zikimwagika zote kwa mpigo umezishona kwa uzi mmoja mrefu bila mafundo. Fundo kila baada ya shanga tatu nne, uzi wa nailoni au poliesta, mara mbili. Shanga za kioo zina kingo kali zinakata uzi wa pamba.

Stoni za gundi zinadondoka kwa sababu kitambaa kilikuwa na nta au mafuta iliyobaki, au hukuacha gundi ikauke saa 24. Gundi ya bunduki kwenye nguo ya kuvaa simshauri mtu, jua la saa saba linailainisha. Vitu vya chuma navyo vinapata kutu kwa unyevu wa huku, sugua kimoja na ndimu kwenye kipande cha kitambaa, kiache kibichi siku mbili, ukiona doa la kahawia usikishone.

Mpangilio ni rangi na kutoa nta kwanza, darizi baadae, shanga mwisho, maana shanga na sikwensi hazichemshwi. Pasi piga kwa nyuma, kitambaa kimelala kifudifudi juu ya taulo, moto mdogo, na sikwensi ikianza kujikunja ujue umechelewa, ondoa pasi hapohapo uache kitambaa kipoe kabla hujakigusa.